Ajenti akivuka Busia kesi inabaki bila mwenyewe

Mhariri, naomba nafasi kwa gazeti lenu. Nitajaribu kufupisha lakini hii mambo ya maajenti wanaodanganya watoto wetu na kazi za nje halafu wanawauza imenikaa kooni miezi mingi na nikianza kuiongea huwa sijui pa kukatia.

Mimi niko na saiba ndogo hapa Kondele, Kisumu. Kazi yangu ni kupiga chapa, kuskani, kuprinti, na kujazia watu fomu za paspoti na zile za cheti cha tabia njema kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali. Miaka hii ya karibuni wengi wanaoingia hapa ni wa kutafuta njia ya kwenda nje. Saudia, Qatar, Poland, Kanada, siku hizi hata nchi ambazo mtu mwenyewe akiulizwa aionyeshe kwa ramani anaanza kutafuta na kidole. Sijawahi kuwakataza juu najua vile hali iko, mtoto amemaliza diploma, mama ameuza ng'ombe wa mwisho kulipa karo, na huyo mtoto sasa anauza laini za simu kwa jua pale steji. Mtu kama huyo akiambiwa kuna kazi ya ofisi yenye chumba cha kulala na chakula bure, wewe ungekuwa yeye ungesema nini?

Mwaka wa 2024 msichana wa dada yangu aliingia hapa akiwa amefurahi sana, ameshika simu anataka niprinti tiketi. Nikaiprinti mimi mwenyewe. Ilikuwa karatasi mbili, Entebbe hadi Bangkok. Nikamuuliza mbona Entebbe na Nairobi iko hapa, akaniambia anti, ajenti amesema Nairobi siku hizi wanauliza maswali mengi sana kwa airport, kupitia Uganda ni rahisi na bei iko chini. Nikanyamaza. Nikatia hizo karatasi kwa bahasha ya kaki, nikaandika jina lake juu na kalamu ya bluu, nikampa mia tano ya chai ya njiani na nikamwombea. Hayo maswali mengi ya Nairobi ndiyo yangemwokoa na mimi nilikuwa nimeketi hapo na hiyo karatasi mkononi.

Walitoka hapa vijana saba na matatu moja, Maseno, Luanda, Yala, Ugunja, Bumala mpaka Busia. Watu wengi wakisikia habari za kusafirisha watu wanafikiria ni kupita porini usiku na kujificha chini ya mahema ya lori. Hapana. Hawa walivuka mchana, kwa mlango wa mbele, kwa kitambulisho, na hawakuvunja sheria yoyote, maana tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda tunavuka kwa kitambulisho tu. Busia wakapokewa na mtu mwingine wa huyo ajenti, wakalipa salio la pesa upande wa Uganda kwa shilingi za Uganda, wakalala Kampala kwa nyumba fulani siku mbili, wakapelekwa Entebbe.

Bangkok wakapokewa na gari. Badala ya kupelekwa hoteli kama walivyoahidiwa waliendeshwa usiku kucha mpaka mji unaitwa Mae Sot, uko mpakani, na hapo wakavushwa mto kwa mtumbwi. Huo mto unaitwa Moei, ng'ambo yake ni Myawaddy, Myanmar. Aliniambia alipoona bunduki upande wa pili alifikiri ni askari wa serikali akapata hata nguvu ya kuwauliza kama hapo ndio ofisi.

Sitaandika yote aliyopitia, mengine ni yake. Lakini msomaji ajue hiyo kazi ya kastoma kea aliyoahidiwa ilikuwa ni kukaa kwa kompyuta saa kumi na sita, kumi na saba kwa siku ukijifanya mwanamke mrembo mwenye biashara, unaongea mapenzi na wazee wa Marekani na Ulaya mpaka waweke pesa kwa uwekezaji wa uwongo. Ukikosa kufikisha hesabu ya siku unasimamishwa mpaka asubuhi, au unapigwa shoti ya stima. Ukitaka kutoka unaambiwa ulinunuliwa, leta maelfu ya dola. Alikuwa akinipigia kutoka chooni akinong'ona, simu ya sekunde arobaini, dakika moja, na kitu alichokuwa akisema kila mara ni anti usimwambie mama. Dada yangu anaumwa na presha. Kwa hivyo mimi nilibeba hiyo siri peke yangu miezi saba, nikiambiwa na dada mtoto anaonaje kule, mbona hatumi picha, nikisema yuko sawa, ni kazi nyingi.

Na hakuwa peke yake. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti Agosti 2023 ikasema Myanmar pekee huenda watu wasiopungua 120,000 wamelazimishwa kufanya huo utapeli, na Kambodia kama 100,000. Hebu fikiria ni uwanja wa michezo wa Kasarani ujazwe watu mara ngapi.

Februari 2025 Thailand ikakata stima, mafuta na intaneti kwa ile miji ya mpakani ya Myanmar, na baada ya hapo watu zaidi ya 7,000 wakatolewa kwa hizo kambi. Tulifurahi sana. Tukasema sasa mtoto anarudi wiki ijayo. Kumbe kutolewa ni jambo moja na kurudi nyumbani ni jambo lingine kabisa. Wachina walitumiwa ndege na serikali yao wakaondoka mafungu kwa mafungu. Watu wa Afrika wengi walibaki wanangoja, wamelala chini sakafuni, chakula kidogo, choo kimoja watu mamia, kwa sababu Thailand ilisema haipokei mtu mpaka nchi yake iseme itamchukua lini na tiketi iko wapi. Wahabeshi walikuwa wengi, Waganda walikuwepo, Wakenya, wengine kutoka nchi nyingine za hapa kwetu. Wote wanangoja, kila mmoja anangoja serikali yake. Msichana wetu anasema walikuwa wamelala safu moja, Mkenya, Mganda, Mhabeshi, wanagawana shuka, na kila mmoja akipigiwa simu anaambiwa jambo tofauti.

Hapo ndipo nilianza kufikiria hiki ninachoandika leo. Ndege moja ingetosha. Nairobi, Addis na Entebbe ziko njia moja. Hizi serikali tatu zingekaa mezani siku moja, zikahesabu watu wao, zikachanga, ndege ikaenda Bangkok ikarudi ikishusha watu. Kenya tuko na ubalozi Bangkok, na kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki tunajiita ndugu kila siku, sasa kama mimi niko na balozi mahali na ndugu yangu hana si balozi wangu angemwandikia huyo ndugu barua ya kusafiria? Si jambo la ajabu, Ulaya wana mpango wa kusaidiana kibalozi, raia wa nchi moja akikwama mahali nchi yake haina ubalozi anaingia kwa ubalozi wa mwenzake.

Mtoto alirudi. Amekonda, hapendi mlango ufungwe, lakini alirudi. Sasa nikamwambia twende tukashtaki huyu mtu.

Mhariri, hapa nataka usome polepole. Tulienda ofisi moja ya serikali upande wa Kenya, sitaitaja. Tulikuwa na kila kitu. Risiti, ujumbe wa wasapu, namba za simu, ile bahasha ya kaki bado iko. Afisa alitusikiliza vizuri, hakuwa mtu mbaya, akaandika, halafu akauliza pesa mlilipia wapi. Tukasema nyingine Kisumu nyingine Busia upande wa Uganda. Kampuni imeandikishwa wapi? Kampala. Ndege alipanda wapi? Entebbe. Akafunga kitabu, akasema mama, hii kesi ni ya Uganda. Tukavuka. Upande wa Uganda tukaingia ofisi ya pili, tukakaa kwa benchi tangu saa tatu asubuhi mpaka saa nane, yule mtoto ameegemea bega langu, tulipoingia ndani wakatuuliza msichana ni raia wa wapi? Kenya. Alidanganyiwa wapi? Kisumu. Aliyemdanganya ni mtu wa wapi? Wa Kisumu pia. Basi hii kesi ni ya Kenya. Tukarudi nyumbani na giza.

Kati ya hizo ofisi mbili unaweza kutembea kwa miguu. Unapita malori, unapita wale wamama wa ndizi na wabadilishaji pesa, unapita ile nyumba kubwa ya forodha ambapo maafisa wa Kenya na wa Uganda wanakaa chumba kimoja, meza zimekaribiana. Ile ya kituo kimoja cha mpakani ilizinduliwa na marais wawili Februari 2018 na imesaidia sana, lori lililokuwa linalala Busia sasa linapita upesi. Kwa hivyo serikali zikitaka kukaa chumba kimoja zinaweza. Zimefanya hivyo kwa ajili ya mizigo. Saruji ya kutoka Tororo inajulikana upande huu na upande ule, karatasi yake moja inasomwa na wote, lakini mtoto wa mtu akivushwa kwenda kuuzwa hakuna karatasi inayomfuata.

Na sheria ziko! Tanzania ilipitisha yake ya kupambana na biashara ya watu 2008, Uganda 2009, Kenya 2010. Ya kwetu ni kali, anayepatikana na hatia ni kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Nchi hizi zimekubali pia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2000 wa kupambana na uhalifu wa magenge unaovuka mipaka, ule wa Palermo, ambao maana yake yote ni kwamba hili ni kosa linalovuka mipaka kwa hivyo msaidiane. Wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki wana shirika lao, EAPCCO, lipo tangu 1998, na ofisi ya kanda ya Interpol iko hapo Nairobi. Sasa mimi nauliza, vyote hivi vinafika Busia saa ngapi? Maana yule afisa aliyefunga kitabu sidhani alikuwa mvivu. Nadhani hakuwa na fomu ya kutuma faili ng'ambo. Hakuna aliyemwambia ukipata kesi kama hii, mpigie fulani pale ng'ambo, faili inavuka leo, na mlalamishi anapewa namba moja tu ya kufuatilia, si mbili.

Ajenti anajua hilo pengo kuliko waziri. Ndio maana kazi yake ameikata vipande, anadanganya hapa, anapokea pesa pale, anasafirisha kutoka kwingine, na kila kipande peke yake kinaonekana ni kitu kidogo.

Angalieni pia vile tulifanya na mambo ya Uarabuni. Ethiopia ilizuia wafanyakazi wa nyumbani kwenda huko 2013. Kenya ikazuia 2014. Uganda ikazuia Saudia 2016. Kila nchi ilikuwa na sababu nzuri kabisa, wasichana walikuwa wanarudi kwa majeneza. Lakini kila moja ilifunga mlango wake peke yake kwa wakati wake na baadaye ikafungua peke yake, na ajenti alichofanya ni kuangalia mlango gani uko wazi mwaka huo. Kenya ikifungwa, wasichana wa Busia na Bungoma wanapitia Entebbe. Uganda ikifungwa, wasichana wa Uganda wanaletwa Nairobi. Na mwajiri wa kule naye anajua, hawa wakidai mshahara fulani anawaambia basi nitachukua wa nchi jirani kwa bei ya chini. Nchi za Asia zinazotuma wafanyakazi, Ufilipino, Sri Lanka, Nepal, Indonesia na wengine, zilianza kukaa pamoja tangu 2003 kwa kitu kinaitwa Colombo Process ili wasishindanishwe hivyo. Sisemi wamemaliza shida, wasichana wao bado wanateswa. Lakini walau wanakutana kama watu wenye shida moja. Kwetu mawaziri wa kazi wa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika walikutana Nairobi Januari 2020 wakaanzisha jukwaa la kuunganisha sera za wafanyakazi wanaokwenda nje, na mimi nilisoma nikafurahi. Ninachoomba ni kitu kidogo sana kitoke hapo. Mkataba wa kazi mmoja wenye mshahara wa chini mmoja, Mkenya, Mganda, Mhabeshi wote sawa. Na orodha moja ya maajenti.

Hiyo orodha ndiyo naipigia kelele zaidi kwa sababu ni kazi yangu ya kila siku. Kijana akija na jina la ajenti wa Kenya naweza kuangalia orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kama haiko namwambia kimbia. Lakini akija na kampuni ya Kampala, ya Kigali, ya Dar, mimi nitajuaje? Uganda nao wana orodha yao kwa wizara yao inayosimamia kazi. Kila mtu na orodha yake kwa tovuti yake, na ajenti aliyefutwa huku anaenda kuandikishwa kule kwa jina la shemeji. Ziwekwe pamoja. Zibandikwe ukutani pale Busia, Malaba, Namanga, Isebania, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, hawa wameruhusiwa, hawa wamefungiwa, na namba ya simu ya kupiga ukiwa na wasiwasi. Pesa ngapi hiyo? Mimi naweza kuwaprintia bure.

Kuna watu wakisoma hapa watasema basi funga mpaka, uliza kila mtu maswali. Tafadhali, hapana. Mimi nimeolewa na mtu wa kabila la Wasamia, wa hapo mpakani, na najua huo mpaka ni nini. Kuna watu nyumba iko Kenya na shamba liko Uganda. Wamama wanatoka hapa na omena wanarudi na ndizi na mahindi, wakinyimwa siku mbili watoto wanalala njaa. Itifaki ya soko la pamoja imeanza kazi tangu Julai 2010 na kitu kizuri zaidi ilichotupa watu wa chini ni hiyo ruhusa ya kuvuka bila kuombaomba. Ukikaza pale mbele watu watapita njia za panya, na kwa njia za panya ndiko ajenti ana nguvu, huko anakuwa yeye ndiye serikali. Mtoto wetu hakuharibikiwa kwa sababu mpaka ulikuwa wazi, aliharibikiwa kwa sababu hakuna aliyekuwa anamtafuta aliyemvusha.

Na kuna jambo lingine ambalo ni gumu kidogo kusema lakini nitalisema. Sisi tunalia watoto wetu waliitwa wahalifu kule, wakahojiwa kama matapeli wakati wao ndio walioibiwa. Sasa sisi hapa tunawafanyia nini wa wenzetu? Miaka michache iliyopita nilikuwa korti moja huko Bonde la Ufa kwa kesi ya shamba la marehemu baba, nikaona vijana wa Ethiopia kumi na mmoja wameletwa, wamefungwa pingu wawili wawili, wengine wamevaa ndala, mmoja mguu mmoja hauna kitu. Nadhani huyo hakuwa amefika miaka kumi na sita. Walipatikana wamefungiwa kwa nyumba, wanangoja lori la kwenda kusini. Mkalimani hakuwepo. Wakasomewa mashtaka ya kuwa nchini kinyume cha sheria kwa lugha hawaijui, mmoja akatikisa kichwa, ikaandikwa amekubali. Aliyewafungia ndani ya hiyo nyumba, mwenye nyumba, mwenye lori, hawakuwa kortini. Walipigwa faini au wafungwe halafu warudishwe Moyale. Hao kumi na mmoja ndio mashahidi wa pekee waliokuwepo, na tukawarudisha na ushahidi wote kichwani mwao!

Ile njia ya kusini inaua watu. Machi 2020 huko Tete, Msumbiji, lori lililotoka Malawi lilifunguliwa kontena likakutwa na miili ya Waethiopia 64, walioishi walikuwa 14. Walikosa hewa. Hao walikuwa wametoka kwao, wakapita nchi baada ya nchi, na hakuna nchi hata moja iliyowaona kama watu wanaouzwa mpaka walipofika hapo. Mkataba mwingine wa 2000 unaoambatana na ule wa Palermo, wa kuhusu wasafirishaji wa wahamiaji, unasema wazi kwamba mhamiaji asishtakiwe kwa sababu tu amesafirishwa, na Kenya imekubali huo mkataba. Kwa hivyo kama tunataka Thailand imsikilize mtoto wa Kondele kama mtu aliyetendewa maovu, basi na sisi tumsikilize mtoto wa Hosaena kule Ethiopia hivyo hivyo. Na yule wa Karamoja ya Uganda anayeletwa Nairobi kuomba barabarani, na yule dada wa Uganda anayefanya kazi kwa nyumba zetu hapa Kisumu bila mshahara miezi minne kwa sababu mwenye nyumba ameficha kitambulisho chake. Huyo wa mwisho ninamjua. Anakuja hapa kutuma pesa akizipata.

Mikutano mikubwa ya serikali juu ya kusafirisha watu ipo, sisemi haipo. Kuna ile ya Ulaya na Pembe ya Afrika, Khartoum Process, ilizinduliwa Rome Novemba 2014 na Kenya tuko ndani. Imesaidia pesa na mafunzo, lakini ukisoma unaona wasiwasi wake mkubwa ni mashua za bahari ya Mediterania, watu wasifike Italia. Watoto wetu hapa hawapandi hizo mashua sana. Wanapanda ndege, na paspoti halali, na viza. Kwa hivyo hatuwezi kungoja Ulaya itupangie, shida yetu tunaijua sisi.

Hata huko Asia wenyewe, wana Bali Process tangu 2002, Indonesia na Australia ndio wenyekiti, nchi zaidi ya 40 pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa, wana hata ofisi Bangkok tangu 2012. Miaka 13 wanakutana. Halafu Mei 2015 mashua za Warohingya waliokimbia Myanmar na za Wabangladeshi zikakwama bahari ya Andaman, maelfu ya watu, wafanyabiashara wa watu wamewatoroka, hakuna maji ya kunywa, na serikali zikawa zinasukuma mashua kurudi baharini, huyu anasukumia yule. Wavuvi wa Aceh, Indonesia, ndio walianza kuwatoa watu majini kabla mawaziri hawajakubaliana. Mwaka uliofuata, Machi 2016, mawaziri wakakaa Bali wakakubali kwamba lazima wawe na njia ya kuitana haraka jambo likitokea. Mimi huwaheshimu kwa kukubali hivyo hadharani. Lakini wale waliokufa baharini hawakurudi, na ninaomba sisi tusingoje yetu ndio tuandike azimio kama hilo.

Nilipoyasoma haya usiku, saiba imefungwa, nilikuwa naona tu ile benchi ya ofisi ya pili. Kusukumana ni kule kule, pale ni mashua na hapa ni faili.

Nilikuwa nimepanga kumaliza hapo. Lakini Jumanne wiki hii ameingia kijana, anatoka Nyalenda, mrefu, mpole, amenisalimia shikamoo mama. Ameleta barua ya ofa niprinti nakala tatu. Kazi ni ya kompyuta, mshahara ni wa dola, nchi ni Laos, na kupanda ndege ni Entebbe tarehe ishirini na mbili. Ameshalipa nusu. Nimemwonyesha kiti nikamwambia keti, nikamwita mtoto wa dada yangu kutoka nyuma, wakaongea karibu saa nzima, na mlango uko wazi. Ametoka bila kuchukua nakala zake. Ameniambia atafikiria, kwamba baba yake amekopa hizo pesa kwa sako na hawezi tu kumwambia zimepotea, na kwamba atarudi Ijumaa nimwambie kama hiyo kampuni ni ya kweli.

Kampuni imeandikwa Kampala. Nimeitafuta kwa orodha ya Kenya, haiko, na hiyo haimaanishi chochote. Nimepiga namba mbili za serikali upande huu, moja haishikwi, na ya pili nimeambiwa niulize Uganda. Barua yake iko hapa kwa meza yangu, kwa bahasha ya kaki. Naomba yeyote wa serikali hizi mbili anayesoma gazeti hili aniambie kabla ya Ijumaa nimpigie nani.

Msomaji wenu,
Mama wa saiba,
Kondele, Kisumu